Mjomba, ninunue Subaru STI sai ama ningoje gari za stima?

Mjomba habari ya huko Kisumu. Mimi ni msomaji wako, niko Nakuru upande wa Pipeline, miaka 36, nina bibi na watoto wawili. Kazi yangu ni viazi, natoa Molo na Mau Narok napeleka Kisumu, kitambo nilikua nabeba mwenyewe na pikapu lakini sai nakodi lori na mimi nafuata nyuma na gari kuona mzigo umefika na kuchukua pesa yangu. Kila Jumatano niko barabara ya Kericho. Gari niko nayo ni Probox na haijawahi kuniangusha ata siku moja, lakini mjomba Probox ni gari ya kazi, hakuna mtu huota Probox.

Ndoto yangu ilianza 1997. Nilikua na miaka nane. Baba alikua anapenda Safari Rally vile watu wengine wanapenda mpira, na huo mwaka Colin McRae akashinda na Subaru Impreza ya bluu, baba akakata picha kwa gazeti akaibandika sebuleni juu ya redio na ikakaa hapo miaka mpaka karatasi ikageuka rangi ya chai. Baada ya 2002 mashindano ya dunia ikaacha kuja Kenya. Baba akafariki 2015, hakuiona ikirudi. Iliporudi Naivasha 2021 nikaenda Soysambu peke yangu, nikasimama kwa vumbi pale kilima cha Sleeping Warrior, na vile gari ya kwanza ilitokea ikinguruma nikalia mjomba, mtu mzima, mbele ya watu. Hio siku nikaanza kuweka pesa ya STI, ile Subaru kali ya barabarani yenye damu ya rali.

Sai nina milioni 2.6 yangu na sacco imekubali kuniongezea laki tano. Shida ni kila mtu ana neno lake. Ndugu yangu mdogo anafanya kazi Nairobi, anasema kutoa milioni tatu kwa gari ya petroli saa hii ni kupoteza pesa juu Ulaya wamesema 2035 basi, na Subaru wenyewe walitangaza hakutakua na STI ingine ya petroli, ati ningoje ninunue ya stima. Rafiki yangu ana Golf GTI ya Volkswagen na ananiambia Subaru ni ya vijana wa kelele, nichukue GTI inakimbia na inakunywa kidogo. Bibi yangu anasema nyumba yetu ya Njoro imesimama kwa madirisha, haina paa, na yeye hataki kusikia jina la gari mpaka paa iwekwe.

Sasa kuna broka alinipeleka yadi moja hapa mjini, akanionyesha STI nyeupe ya 2015, milioni 2.9, safi sana, na ni otomatiki kwa hivyo ata mama watoto ataweza kuendesha. Akaniambia hizi ndio za mwisho kaka, stima ikiingia hautaona tena, na kuna mtu mwingine anakuja na pesa Jumamosi. Mjomba nikaingiwa na baridi. Nikalipa depoziti ya laki mbili papo hapo. Hio ilikua wiki jana na bibi hajui mpaka leo, usiku silali vizuri.

Nishauri. Nimalizie hii STI, nichukue Golf, ama ningoje stima? Na bibi nitamwambia nini?

Mtu wa Viazi, Nakuru

*

Mpwa wangu, pole kwa usiku usio na usingizi na pole kwa baba, hio picha juu ya redio nimeiona kabisa vile umeielezea, na nitarudi kwake.

Lakini nimesoma barua yako mara tatu na kila mara nasimama mahali pamoja, pale umeandika otomatiki. STI ya 2015 kutoka Japan haina otomatiki. Haikutengenezwa. Ile bodi ilitoka 2014, na STI yake ilikuja na gia sita za mkono peke yake, klachi mguuni, na injini inaitwa EJ20. Yenye otomatiki ni ndugu yake inaitwa WRX S4, na hio ina injini ingine kabisa, FA20 ya lita 2.0 na tabo, na giaboksi ya CVT, otomatiki isiyo na gia za kuhesabu. Kulikua na STI fulani ya otomatiki, A-Line, lakini hio ilikua ya bodi iliyotangulia. Kwa macho STI na S4 ni kama mapacha, zote zina lile tundu kwa boneti, na beji ya STI unanunua kwa duka la spea unabandika na gundi dakika tano. Kitu hakidanganyi ni namba ya chasi. Ikianza na VAB hio ni STI, ikianza na VAG hio ni S4. Iko kwa logbuku, iko kwa gari, hauhitaji ata fundi kuisoma.

Sisemi broka ni mwizi, pengine na yeye aliambiwa hivyo akarudia hivyo. Ila wewe ulikua unatoa milioni 2.9 kwa gari ambayo si ile uliyolilia Soysambu. Na S4 si gari mbaya mpwa, usinielewe vibaya, ina hosipawa 300 na STI ya Japan ina 308, ukikanyaga inaenda, inashika barabara kwa magurudumu yote manne, na kwa mtu wa foleni na familia ni tamu kuliko STI yenyewe. Kama ingeuzwa kwa jina lake na bei yake tungeongea vingine. Lakini imeuzwa kwa jina la ndugu yake.

Kuna kitu kingine kwa hio gari. Kenya hairuhusu gari ya zaidi ya miaka minane kuingia, kwa hivyo gari ya 2015 mwaka wake wa mwisho kuingia ilikua 2022. Hio nyeupe ata kama inang'aa vipi imekua kwa barabara zetu miaka kadhaa. Ilikua kwa nani? Ilifanyiwa sevisi wapi? Ilikua inakimbizwa na kijana Jumamosi usiku ama ilikua ya mwalimu? Haujaniambia, na naona haukuuliza, juu ulishaambiwa Jumamosi kuna mtu.

Sasa tuje kwa ndugu yako. Anachosema kina ukweli ila amekichukua chote akakitupa juu ya kichwa chako. Umoja wa Ulaya walipitisha sheria 2023 ya kusimamisha uuzaji wa gari mpya za petroli na dizeli 2035, na tangu hapo wamekua wakivutana wenyewe kuilegeza. Uingereza wamesema 2030. Japan, kule gari zetu nyingi zinatoka, lengo lao la 2035 linahesabu na haibridi, zile za petroli na betri pamoja. Na zote ni gari mpya, kwa masoko yao, hakuna mahali imeandikwa gari ya petroli ya mtu wa Nakuru itasimamishwa. Kweli Subaru walisema Machi 2022 kwamba STI ingine ya petroli kwa hio bodi mpya hawatatengeneza, hapo hajakosea. Lakini ata rali ya dunia waliweka haibridi 2022, na 2025 wakaitoa wakarudi kwa injini ya kawaida, hii mambo haiendi kwa mstari mmoja vile watu wanafikiria.

Kalenda ya kukuhusu wewe iko Mombasa bandarini. STI yenye EJ20 Japan waliacha kupokea oda zake mwisho wa 2019. Mwaka wa 2026 gari inayoruhusiwa kuingia ni ya 2019 kwenda juu, 2027 itakua 2020. Umeona? Dirisha la kuagiza STI linafungwa na ile sheria ya miaka minane, umeme hauhusiki hapo. Baada ya hapo zilizo Kenya ndio hizo, na zile nzuri, ambazo hazijachezewa, wenyewe watazishika. Kwa hivyo broka aliposema ni za mwisho alikua nusu ya ukweli, lakini hio nusu inahusu VAB safi ya 2018 ama 2019, haihusu VAG ya 2015 yenye beji ya gundi. Usikubali mtu akukimbize na woga wa kitu kinachofanyika Ulaya ili ununue kitu kilicho kwa yadi yake wiki hii.

Twende kwa gari zenyewe sasa, hapa ndipo roho yangu iko.

Nakuru uko juu kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kila ukipanda mita elfu, kwa hivyo kwako inapumua karibu na moja ya tano chini ya vile kitabu kinasema, na ukifika Mau Summit ni zaidi. Ndio maana mtu akikuambia achana na Subaru chukua ile Mercedes C63 ya zamani yenye V8 ya lita 6.2, hosipawa 457, mwambie hizo 457 ni za Mombasa, Nakuru atabaki na kama 370 na mafuta analipa ya lita 6.2. STI na GTI zote zina tabo, tabo inasukuma hewa yenyewe kwa hivyo zinapoteza kidogo, ila tabo inafanya kazi zaidi na joto linapanda. Gari ya stima haipumui kabisa, nguvu ya Kisumu ndio nguvu ya Timboroa kule juu mlimani. Hapo mpe ndugu yako pointi yake.

STI ni mashine ya mtu anayependa kuendesha. Silinda zake zimelala, uzito uko chini, ukiingia kona za Londiani na ile mvua ya Kericho ya kila alasiri magurudumu manne yanashika kila moja na zamu yake na wewe unasikia kila kitu kwa usukani. Klachi ni nzito, siti ni ngumu, watoto watalalamika. EJ20 inataka mtu wa nidhamu, usiikanyage ikiwa baridi, oili kila kilomita 5,000 na kila wikendi unachomoa kijiti unaangalia kiwango juu inaweza kuinywa polepole bila kukuonyesha moshi. Mkanda wa taimingi unabadilishwa ukifika kilomita 100,000, ukikatika na injini imeenda. Na ilitengenezwa kwa petroli ya Japan ya okteni 100, super yetu ya kawaida haifiki hapo, kwa hivyo weka ile ya okteni ya juu pale unaipata, na ukikuta STI ambayo mtu amefungua kompyuta akaongeza presha ya tabo ondoka hapo haraka. Nyingi nilizofungua Kisumu zikiwa zimekufa ziliuawa na hizo mambo mbili, oili na presha, injini yenyewe haikua na kosa.

GTI, ile ya kizazi wanaita 7.5 ya kuanzia 2017, ni hosipawa 230, ile inaitwa Performance ni 245, magurudumu ya mbele peke yake. Kwa karatasi inaonekana imeachwa mbali lakini Nakuru kwenda Kisumu na mtoto amelala nyuma ndio gari ningechagua, imetulia, DSG, giaboksi yake ya otomatiki, inabadilisha gia kama mtu anayekusoma mawazo, na utafika bila kiuno kuuma. Kasoro zake ni plastiki ya pampu ya maji na thamostati inavuja, ukiona maji yanapungua usingoje, na oili ya DSG inabadilishwa kila kilomita 60,000 ata kama muuzaji amekuambia haihitaji. Rafiki yako hajakudanganya. Amekosea tu kwa kusema Subaru ni kelele.

Pesa ya njia. Wewe Jumatano kwenda na kurudi ni karibu kilomita 370. STI ikienda kilomita 8 kwa lita hio ni lita 46, tukiweka lita moja 180 ni kama shilingi 8,300. GTI ikienda 12 ni lita 31, kama 5,600. Kwa wiki 50 tofauti ni zaidi ya laki moja na thelathini, hio ni mabati mengi mpwa. Gari ya stima ya kawaida ikila uniti 17 kwa kilomita mia ni uniti 63, tukiweka uniti 30 bob hata 2,000 haifiki. Na stima yenyewe inatoka chini ya miguu yenu, mvuke wa Olkaria na sai Menengai. Ukiteremka kutoka Kericho kwenda Ahero betri inajirudishia chaji, ingawa kurudi unapanda zaidi ya mita elfu moja na hapo inakula vizuri, lazima uhesabu.

Kwa hivyo ndugu yako anataka stima ichukue mahali pa STI, na mimi naona stima ichukue mahali pa Probox. Ile safari ya Jumatano ya kufuata lori, kilomita zile zile kila wiki, hakuna mtu anahitaji kusikia injini, hio ndio kazi ya betri, na mwaka ama miaka miwili ijayo ukipata ya bei nzuri na betri imepimwa nitakuambia chukua. Lakini ile gari ya kuenda nayo Elmenteita Jumapili asubuhi na dirisha wazi, hio stima bado haijaifikia. Hyundai walitoa Ioniq 5 N 2023, hosipawa 650 ukibonyeza kitufe, itaacha STI mbali sana, na bado wahandisi wao wakakaa chini wakaiwekea gia za kuigiza na sauti ya kuigiza kwa spika. Na ina uzito wa tani 2.2 wakati STI ni tani 1.5. Walijua kabisa watu wataililia injini.

Kama ungekua mtu wa gari moja ya kila kitu ningekuambia Golf bila kusita. Wewe si huyo. Wewe una Probox inafanya kazi na una ndoto ya miaka 28, ukinunua GTI utakua unageuka kila ukipita STI barabarani, kwa hivyo yako ni STI, VAB, gia za mkono, ambayo haijachezewa. Ila si kwa hii pesa ya wiki hii na si kwa mkopo wa sacco. Gari ya kuenda nayo Jumapili hailipiwi na mkopo.

Bibi. Leo mpwa, usingoje Jumamosi. Kila siku unakaa na hizo laki mbili kifuani zinaongezeka uzito, na akizijua kutoka kwa mtu mwingine hataona gari tena, ataona miaka yote mmeishi akijiuliza ni nini kingine haujamwambia. Watoto wakilala, toa risiti, weka mezani, anza na hio, "nimelipa depoziti ya laki mbili bila kukuuliza, nimekosa". Usianze na rali, usianze na bei. Akimaliza kukasirika, na mpe nafasi akasirike vizuri, ndio umwambie kuhusu baba na ile picha, na Soysambu. Haujaandika mahali popote kwamba anajua ulilia siku hio. Pengine anafikiria anashindana na kelele ya vijana kumbe ni mambo ya baba yako. Na paa iende kwanza, mimi niko upande wake hapo, kaeni na fundi wa mbao mpate hesabu kamili, kitakachobaki mwiandike pamoja kwamba hii ni ya gari na haiguswi. VAB nzuri zilizo Kenya 2027 bado zitakuwepo. Pengine utaongeza kidogo, lipa hicho kidogo.

Depoziti utaidai. Angalia risiti imeandika nini, kama imeandika STI na chasi ni VAG una nguvu, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kilingane na hayo maelezo. Nenda asubuhi na mtu mmoja mzima unayemwamini, piga picha ya namba ya chasi kwa gari na kwa logbuku, uongee na mwenye yadi mwenyewe, broka akae kando, bila kupandisha sauti. Wakikataa omba waandike kwamba wamekataa na kwa nini, hapo wengi hurudisha. Na kama nimekosea mimi na hio gari ni VAB iliyobadilishwa giaboksi na mtu, basi ndio kabisa usiiguse.

Nitumie zile herufi tatu za kwanza za chasi ukishaziona, na uniambie bibi alisema nini.

Mjomba